Viza Iliyobaki Salala

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea panga la kupogolea migomba kuliko kalamu. Herufi zangu zimelala upande, na pengine maneno mengine nimeyakosea, kwa kuwa nyumbani tunasema Kihaya na Kiswahili nilikijulia shuleni. Ninaandika polepole. Mkikuta neno limekatwa, mjue nilikuwa natafuta lingine na sikulipata.

Nataka kueleza jinsi nilivyoacha kazi, lakini kazi haikuniacha.

Kwetu ni kijijini, kati ya Kamachumu na Muleba. Baba alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo msemaji wa nyumba yetu ni baba mdogo. Yeye ni katekista wa kigango chetu, na maneno hayamwishi. Mimi ni kinyume chake. Mtu nisiyemzoea akiniuliza jina, naliangalia jina langu ardhini kwanza kabla ya kulitaja. Nikiwa mtoto nilitumwa dukani kununua chumvi, nikasimama mlangoni mpaka muuzaji akaja kufunga duka ndipo akaniona.

Tena kwetu kijana hajisemei mbele ya mkubwa. Ukitaka mke, anatumwa mtu. Ukigombana na jirani, anatumwa mtu. Hata ukitaka kuacha kazi kwa mtu aliyekulisha, huendi mwenyewe ukasimama mbele yake na kusema naondoka. Huko ni kumtemea mate kwenye sahani. Anakwenda mkubwa wa ukoo. Anakaribishwa kahawa ya kutafuna, anasalimia watu wote na mifugo yao, anaizunguka habari kama mtu anayekagua kibanja cha migomba cha mwenzake, na mwisho kabisa ndipo anaitoa. Nilipoacha kuchunga ng'ombe wa jirani yetu, baba mdogo ndiye aliyeniagia. Nilikaa nyumbani nikimenya ndizi, na kazi ikaisha.

Kwa mtu mwenye haya kama mimi, desturi hiyo ilikuwa blanketi. Nilijifunika nayo mpaka nikaenda nayo Omani.

Huko nilifanya kazi Salala, kwenye shamba la migomba. Watu hapa wakisikia hucheka, kwamba Mhaya amesafiri kwa ndege kwenda kulima ndizi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Bwana wangu alikuwa mzee anayezungumza Kiswahili cha pwani vizuri kuliko mwalimu wangu wa darasa la saba. Wazazi wake waliishi Unguja. Hakuwahi kunipiga, na chakula hakikukosekana. Lakini nililala kwenye chumba cha pampu, peke yangu, na siku ya mapumziko sikuijua. Pasipoti yangu aliifungia kwenye kabati lake tangu siku niliyofika. Nikitaka kuzungumza na mtu, ilinibidi nisubiri gari la kuchukua ndizi, na dereva wake alikuwa mtu wa Bangladeshi ambaye tulikuwa tunachekeana tu.

Mkataba uliruhusu likizo baada ya miaka miwili. Ilipofika, akanipa pasipoti na tiketi ya kwenda na kurudi, nikaja nyumbani. Mama alinipokea akaniambia nimekuwa mkimya zaidi, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

Nikiwa nyumbani, rafiki yangu mmoja kutoka Kaagya, anayefanya kazi Maskati, akanitafuta. Mwajiri wake ana kitalu cha miche ya maua na matunda, na alihitaji mtu anayejua mimea. Huko, alisema, kuna wenzako wa kulala nao chumba kimoja, Ijumaa ni mapumziko, na pasipoti unakaa nayo mwenyewe. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Akasema tajiri wake ataniombea viza mpya, mimi nimalizane vizuri na yule wa Salala.

Kumalizana nilijua. Nikamwendea baba mdogo.

Alifurahi kuombwa. Alivaa koti, ingawa ilikuwa ni simu tu, akakaa kwenye kiti barazani na mimi nikashika simu mbele ya kinywa chake kama mtoto wa altare anavyoshika kitabu. Alimsalimia yule mzee, akamuuliza mvua, akamweleza bei ya kahawa mwaka huu, akamshukuru kwa kunilea. Halafu akasema wazi kwamba ukoo umeamua nisirudi Salala, na tunaomba aniachie kwa amani. Yule mzee upande wa pili akasema amesikia. Baba mdogo akamtakia baraka. Mama akaleta rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikunywa nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa mkungu.

Wiki zikapita. Rafiki yangu akapiga simu, sauti imebadilika. Maombi ya viza mpya yalikuwa yamerudishwa. Kule kwenye mitambo yao mimi bado nilikuwa mfanyakazi wa Salala. Viza ya zamani ikiwa hai, ya pili haiingii. Tajiri wake angesubiri kidogo, si sana, kwa sababu miche haisubiri mtu.

Tulimpigia yule mzee. Hakupokea. Baba mdogo akatuma ujumbe wa sauti, mrefu kuliko wa kwanza, na mwingine. Hakujibu. Mimi mwenyewe sikumwandikia hata neno. Sasa nikikumbuka naona ajabu, lakini wakati ule halikunijia kabisa. Habari ilikuwa imeshakabidhiwa kwa mkubwa. Kuingia katikati ni kumwambia baba mdogo kwamba kinywa chake hakitoshi.

Ndipo ukaja ujumbe kwangu, si kwake. Yule mzee aliandika kwamba likizo yangu imepita, migomba yake imelala chini, na nisipoonekana ataniandikisha mtoro.

Wale waliofanya kazi huko wanajua neno hilo. Mtoro hafungiwi shamba moja. Anafungiwa nchi nzima, na jina lake likisomwa mpakani anarudishwa. Nilimwonyesha mama. Hajui kusoma vizuri, lakini aliniangalia usoni akaacha kuchambua maharage.

Rafiki yangu akanishauri niende Bukoba, kwa afisa wa kazi, hata kama kazi yenyewe ilikuwa nje. Baba mdogo akasema tutakwenda wote. Nilitaka kukataa. Sikukataa. Njiani alikuwa akijiandalia maneno, naona midomo yake inacheza.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani ameisukumia kwenye nywele, mkononi ana kikombe cha chai kilichokwisha. Alisoma mkataba wangu wote, na mimi sikuwahi kuusoma wote. Kisha akaanza kuniuliza. Kila aliloniuliza, baba mdogo alijibu. Nilianza kazi lini, baba mdogo akajibu. Nilikuwa nalala wapi, baba mdogo akajibu, na alikosea, maana hakuwahi kufika. Mimi niliangalia kona ya meza, palipobanduka rangi.

Yule mama akavua miwani.

"Mzee wangu, shikamoo tena," akasema. "Naomba nikuulize. Aliyeacha kazi ni nani, wewe au huyu?"

"Huyu, waitu," akasema baba mdogo kwa heshima ya Kihaya. "Lakini mimi ndiye niliyemsemea."

"Ulimsemea ukiwa nani? Kwenye mkataba huu kuna majina mawili. Lako silioni."

Baba mdogo aliiweka kofia yake gotini, akaitazama. Sijawahi kutamani kuwa nje ya mahali kama nilivyotamani siku ile. Yule mama akanigeukia mimi, akangoja. Alijua kungoja. Mwishowe nilisema, na sauti ilitoka nyembamba, kwamba ni kweli, sikuwahi kumwambia bwana wangu chochote mimi mwenyewe.

Alinieleza polepole, akirudia. Sheria za kule si zake, alisema, lakini mkataba ni huu hapa na unasema. Kuacha kazi ni haki yangu, siombi ruhusa. Ninachodaiwa ni kumpa taarifa mwajiri, kwa maandishi, yenye sahihi yangu, mwezi mmoja kabla. Mwezi ukiisha, yeye ndiye mwenye wajibu wa kufuta viza, na hana haki ya kuishikilia ili anirudishe. Mtu aliyetoka kwa likizo, kwa tiketi ya mwajiri, akatoa taarifa kwa maandishi, si mtoro, na akiandikishwa mtoro anaweza kupinga. Lakini mpaka siku ile sikuwa nimetoa taarifa yoyote. Kwa hesabu yao nilikuwa mtu asiyerudi kazini, basi.

"Huyo mzee wako anachelewesha, ndiyo," akasema. "Lakini wewe umempa mlango wa kuchelewesha. Ufunge leo. Andika, tuma, na akipiga simu pokea wewe."

Baba mdogo akauliza kama haiwezekani yeye aandike, maana mwandiko wake ni mzuri. Yule mama akatabasamu kidogo, akasema hana shaka na mwandiko wa mzee.

Niliandika kwenye benchi nje ya ofisi. Adhuhuri ilipita juu yangu. Niliharibu karatasi, nikanunua nyingine. Nilijua la kusema, lakini kila nikiandika "naacha kazi" mkono ulitaka kuongeza "tunaomba" na "ukoo umeamua". Niliyafuta. Yalibaki maneno machache: mimi, jina langu, naacha kazi, mwezi ukiisha naomba unifutie viza kama mkataba unavyosema. Nikatia sahihi, ambayo ni jina langu tu nililoandika kwa kuunganisha. Nikaipiga picha, nikaituma kwa yule mzee na kwa wakala wa Dar es Salaam aliyenipeleka. Afisa alibaki na nakala. Baba mdogo alikuwa amekaa mwisho wa benchi, akila karanga, moja moja. Hakuniuliza nimeandika nini.

Basi lilitushusha Muleba, ambako tulipaswa kutafuta pikipiki za kwenda kijijini. Kulikuwa na watu wengi stendi, wauza ndizi za kuchoma wakikimbilia madirisha ya basi. Ndipo simu yangu ikaita. Niliona namba ya Omani.

Baba mdogo naye aliiona. Akanyoosha mkono.

"Lete, niseme naye," akasema.

Mkono wake ulibaki hewani. Ule mkono ulinishika nikibatizwa. Simu iliita, ikaita. Nilijua ikikatika hatapiga tena, na nikiitoa mkononi tutarudi pale pale, kwenye mvua na bei ya kahawa. Nikageuka nikampa mgongo, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu mzima yeyote, nikapokea.

"Hee," ikasema ile sauti. "Kumbe una kalamu wewe. Miaka miwili nakusemesha, unatazama vidole vya miguu. Leo umeota ulimi?"

Nikamsalimia. Akaitikia haraka.

"Migomba yangu imeota magugu, wewe umekaa kwenu unakula senene. Utarudi lini?"

Muuza ndizi mmoja alisimama karibu yangu akisikiliza bila kujificha. Nilifumba macho.

"Sirudi, bwana. Naacha kazi. Ndivyo nilivyokuandikia."

"Na yule mwenye hotuba ni nani? Ananipigia mtu simjui, ananihesabia bei ya kahawa, mwisho ananiambia nikuachie. Nitamfutia mtu viza kwa maneno ya mpita njia? Kesho akija mwingine akisema unataka kurudi?"

Nilisema yule ni baba yangu mdogo. Nilisema wazo lilikuwa langu, ila sikuwa na kinywa. Akacheka, si kwa ubaya. Halafu hakucheka tena.

"Na nisipofuta?"

Jibu nililijua, nilikuwa nimelirudia kwenye benchi na kwenye basi. Lakini kulijua ni kitu kimoja, kulisema ni kingine.

"Mwezi ukiisha bila kufuta, nitapeleka malalamiko ofisi ya kazi huko, kwa kupitia ubalozi. Karatasi ninazo. Na mimi si mtoro. Ulinipa tiketi wewe mwenyewe."

Kisha akasema, taratibu, kwamba angeangalia, na kwamba mwezi unaanza leo, si siku ile ya hotuba. Akakata.

Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa ameshapanda pikipiki. Yule muuza ndizi akaniuliza kama nimeachwa na mke. Nikamwambia hapana, na akanipa ndizi moja ya bure, sijui kwa nini.

Nyumbani baba mdogo alimwambia mama maneno machache tu. "Mwanao sasa ana kinywa chake." Akaenda kwake bila kula. Jumapili iliyofuata baada ya ibada alimsalimia kila mtu mlangoni, mimi akanipa ncha za vidole.

Sasa tukaanza kungoja mwezi. Nililima kibanja cha mama, nikakata majani makavu, nikang'oa mashina yaliyoshikwa na mnyauko na kuyazika. Kila simu ilipolia nilidondosha panga. Rafiki yangu wa Maskati alikuwa ananiuliza, halafu akaacha kuuliza kila siku, halafu akaanza kuniuliza habari za mvua. Nikajua nafasi inaniponyoka.

Mwezi uliisha. Viza haikufutwa. Niliandika tena, mimi mwenyewe, ujumbe mfupi. Alisoma, hakujibu. Siku hiyo nilimchukia, na nilijichukia mimi pia, kwa kuwa wiki zile za kwanza, ambazo zingetosha kabisa, nilizitumia kunywa rubisi na kujiona nimemaliza.

Nikarudi Bukoba peke yangu. Safari hii yule mama aliponiuliza, nilijibu mwenyewe, ingawa nilijibu nikiangalia ile kona ya meza. Tuliandika malalamiko. Alinisaidia kuyapanga, akapiga simu kwa wakala mbele yangu na kumkumbusha kwa sauti ya upole sana kwamba leseni yake ina masharti. Nakala zikaenda ubalozini. Aliniambia nisitarajie kesho.

Haikuwa kesho. Nilikuwa Muleba sokoni, nikiuza maharage ya mama, ulipoingia ujumbe kutoka kwa yule mzee. Ilikuwa picha ya karatasi yenye maandishi ya Kiarabu na mhuri, na chini yake ameandika kwa Kiswahili chake kizuri: "Nimekufutia. Sikukuandika mtoro. Ungesema mapema, kijana."

Nilimtumia rafiki yangu ile picha pale pale. Akanipongeza, kisha akanieleza alichokuwa amekificha. Kwenye kitanda ambacho kingekuwa changu alikuwa ameshalala kijana wa Kigoma, na tajiri aliridhika naye. Pengine msimu mwingine, akasema. Nikamwambia si neno, na nikaendelea kupima maharage. Mteja alisema nimempunja, nikamwongezea.

Jioni nilipita kwa baba mdogo. Nilimwonyesha ile picha kwenye simu. Aliitazama ingawa Kiarabu hakijui, akaipanua kwa vidole, akautazama mhuri.

"Kwa hiyo sasa wewe si wake," akasema.

"Si wake, tata," nikajibu. Ndivyo tunavyomwita baba.

"Na nafasi ile nyingine?"

Nikamwambia. Kisha akamwita mkewe alete kahawa ya kutafuna, akanimiminia kiganjani kama anavyomfanyia mgeni. Tulitafuna. Hatukuzungumza juu ya stendi ya Muleba, na mpaka leo hatujazungumza.

Hivi ninavyoandika bado nipo nyumbani. Pasipoti ipo kwenye sanduku la mama, haina deni la mtu, lakini pia haina pa kwenda. Kuna siku naona nimepata, kuna siku naona nimepoteza. Usiku huwa nawapangia maneno waajiri ambao hata hawajaniajiri.

Ndiyo maana nawaandikia. Wapo wengi kati yenu mliokaa nchi za watu, mkaacha kazi, mkaona mlango unashikiliwa kwa nyuma. Nataka kujua mlisemaje, na nani aliwasemea, na kama nyumbani walikasirika. Na kama kuna anayejua kitalu, bustani au shamba, la huko au la hapa hapa Kagera, linalohitaji mtu wa migomba, aniambie pia. Andikeni hata kama mwandiko wenu ni mbaya kama wangu. Nitajibu mwenyewe, kwa mkono wangu, ila mnivumilie, kwa sababu nachelewa kumaliza mstari.